Nilipita na ndege ya vita futi mia mbili juu ya kisima, sikufyatua. Miaka baadaye nikakutana Sirisia na aliyekuwa chini

Wakuu, mulembe kutoka Saboti.

Leo mvua imeanza tangu asubuhi, hakuna palizi, hakuna kuenda mahali. Nimeona niandike kitu ambacho nimekaa nacho muda mrefu.

Haya ni mambo yaliyonipata mimi mwenyewe. Majina nimebadilisha. Jina la mahali kule vitani sitataja, na namba ya kikosi pia msiniulize. Mengine yote ni vile yalivyokuwa. Mmoja wa wahusika amesoma kabla sijaweka hapa, akaniambia weka tu.

Kilichonisukuma ni hiki. Wiki jana kwenye uzi mwingine, mwenzetu mmoja aliandika ati rubani wa ndege ya vita ni kama mtu anacheza game. Anabonyeza button huko juu, haoni mtu, anarudi kunywa chai.

Nilianza kumjibu nikafuta. Nikaanza tena nikafuta.

Mkuu, sina ubaya na wewe. Jibu lako ni hili hapa, ingawa limekuwa refu.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Matulo, hapo karibu na Webuye. Siku hizi naishi Saboti, niko na ng'ombe wanne wa maziwa, mahindi, na mke anayejua hiyo shamba kuliko mimi. Kitale naenda kununua dawa ya ng'ombe na kunyolewa. Ukinipata hapo mjini na gumboot zangu zimejaa matope, huwezi kudhani kitu.

Lakini karibu miaka ishirini nilikuwa rubani wa jeti. Zile za mtu mmoja. Uko peke yako kwa kiti, hakuna wa kumwambia "hebu shika hapa kidogo".

Sasa watu wengi wanafikiri ndege ya vita inapigana juu mawinguni. Wakati mwingine ndiyo. Lakini kazi iliyonilia miaka yangu ni ile tunaita low level. Kupita chini kabisa.

Futi mia mbili. Kwa mtu wa kawaida, chukua mti mrefu wa mkaratusi, uweke mwingine juu yake. Hapo ndipo unapita, kwa mwendo wa maili saba kila dakika.

Nilikuwa nikipiga hesabu ya nyumbani ili nielewe ule mwendo. Kutoka Bungoma mpaka Kitale, kwa huo mwendo, ni dakika tano na nusu. Unaacha Bungoma ukisema neno "mahindi", kabla umalize kuwaza habari ya mahindi uko juu ya Kitale.

Kwa nini upite chini hivyo? Kwa sababu ukiwa juu unaonekana mapema. Ukiwa chini, adui anakusikia tu ukiwa umeshafika.

Na ubaya wake ni ule ule. Wewe pia unaona kitu ukiwa umeshafika.

Low level ina mambo yake. Kivuli chako kinakimbia ardhini kando yako. Ukiona kinakusogelea, jua unashuka, hata kama mwili unakuambia uko sawa. Hewa ya jangwa ikishapata jua inakupiga chini kama barabara mbovu. Ndege mwenyewe, yaani ndege wa mabawa, tai au korongo, ni adui mkubwa kuliko risasi. Niliwahi kugonga mmoja na kioo cha mbele kikapasuka kama utando wa buibui. Nilirudi nyumbani nikichungulia kwa kipande cha pembeni kikubwa kama sahani.

Na huwezi kuangalia ramani kwa starehe. Unashika mwelekeo, unashika saa. Dakika moja na sekunde ishirini, mto mkavu. Dakika mbili, barabara. Usipoona barabara kwa dakika mbili, kuna kitu umekosea na hakuna wakati wa kulia.

Lakini kitu ambacho sikuambiwa shuleni ni kwamba ukiwa chini hivyo, unaona watu.

Unaona rangi ya leso. Unaona ngamia wamegeuza shingo zote upande mmoja. Niliwahi kuona mzee ameinua bakora yake kunitisha, kama mtu anafukuza mbwa. Nilicheka peke yangu ndani ya kofia. Hawa watu wanaonekana kwa nusu sekunde halafu wameisha, lakini wanabaki kwa kichwa. Wengine niko nao mpaka leo.

Basi turudi kwa siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, saa mbili na nusu hivi. Tulikuwa ndege mbili. Mkubwa wangu, nitamwita Meja, alikuwa mbele. Mimi namba mbili.

Msafara wa malori ya jeshi letu ulikuwa umekwama kwenye mto mkavu. Lori la mbele lilizama kwa mchanga, la nyuma halingeweza kugeuka. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kijiji kidogo, kisima, na nyumba moja ndefu ya mabati. Kando ya hiyo nyumba adui alikuwa ameegesha pickup na bunduki kubwa mgongoni. Ile bunduki inatoboa lori kama karatasi.

Wanajeshi wetu walikuwa wamelala chini ya malori na nyuma ya magurudumu. Hakukuwa na mahali pa kukimbilia.

Askari aliyekuwa na redio chini alikuwa anaongea haraka, unasikia risasi ikigonga chuma nyuma ya sauti yake.

"Nyumba ndefu ya mabati. Mashariki ya kisima. Piga. Piga haraka."

Meja akaniambia pembe yangu ni nzuri kuliko yake. Nitangulie na roketi, yeye anafuata.

Unavyofanya ni hivi. Unakuja chini chini, ukikaribia unainuka ghafla, kama mtu anachungulia juu ya ua la jirani. Unaona shabaha, unageuka, unashuka tena na pua ikiitazama. Kutoka hapo uko na sekunde tano. Sita ukiwa na bahati.

Nikainuka. Nikaona kisima. Nikaona mabati yanang'aa. Nikaona pickup imejibana kwa ukuta, na bunduki inatoa moshi. Nikashuka.

Sekunde ya kwanza, ya pili, kila kitu kiko sawa. Kidole kiko mahali pake.

Halafu nikaona mitungi ya njano. Mingi, imeanguka ovyo ovyo kati ya kisima na ile nyumba.

Nikafuata mitungi kwa macho, na nikawaona. Kwa ukuta huo huo, mita kumi hivi kutoka kwa pickup. Wanawake na watoto. Walikuja kuteka maji, vita ikawakuta hapo, wakajibana kwa ukuta wa karibu. Walikuwa sita au saba. Mama mmoja alikuwa amelalia watoto wawili, amewafunika na mwili wake wote, na uso wake ulikuwa umegeukia juu. Upande wangu.

Wakuu, roketi haina adabu ya kuchagua mita kumi.

Sikufyatua.

Nilivuta usukani, uzito wa mwili ukanikalia mara tano, nikapita juu ya lile paa chini sana. Nikasema kwa redio, "Watu. Kuna watu kwa ukuta." Meja alikuwa tayari anashuka nyuma yangu. Akasikia, naye akaacha.

Yule askari wa redio chini hakusikia sababu. Au alisikia na hakuelewa, maana kulikuwa na kelele. Nilichosikia ni yeye akipiga kelele, "Mbona hamjapiga? Mbona hamjapiga?"

Sasa jeti si bodaboda. Huwezi kugeuka hapo hapo. Kwa huo mwendo unaenda kilomita na kilomita ndio urudi ukiwa umenyooka. Nilizunguka. Nilivuta mpaka macho yakaanza kuingia giza pembeni. Sijawahi kuona mzunguko mrefu kama ule.

Tulikubaliana na Meja nirudi bila kufyatua, chini kabisa, moto wote wa injini umefunguliwa, moja kwa moja juu ya pickup. Kelele peke yake. Ukipitiwa hivyo unahisi mbingu imepasuka kichwani kwako.

Ilifanya kazi. Wale jamaa waliruka ndani ya pickup wakaiondoa mbio nje ya kijiji, kwa uwanja mtupu. Huko Meja aliwapata.

Kutoka pale nilipoacha kufyatua mpaka bunduki inyamaze, ilikuwa kama dakika mbili. Nilihesabu baadaye kwa saa ya ndege.

Tuliporudi kambini, tukakaa kueleza yaliyofanyika. Mkubwa wa kikosi akasikiliza, akaniambia niliamua sawa. Ikaandikwa hivyo. Halafu akafungua karatasi nyingine akasoma: kwa msafara, ndani ya zile dakika, mmoja amefariki, mmoja amepoteza mguu.

Hakusoma majina. Na mimi sikuuliza.

Hapo ndipo kosa langu liko, wakuu. Mnaweza kunijadili kwa hii ya kufyatua au kutofyatua, lakini mimi nasema kosa langu ni hapo. Sikuuliza majina.

Niliendelea na kazi. Nilipita chini mara nyingi baada ya hapo. Nikastaafu, tukahamia Saboti, watoto wakamaliza shule.

Mke wangu, Nafula, alijua nilikuwa vitani. Hakujua habari ya kisima. Mimi si mtu wa kupiga kelele usingizini wala kuvunja vyombo. Nilikuwa nanyamaza tu. Yeye alizoea, akasema huyu ndio mume wangu, ananyamaza.

Mwaka uliopita nilitaka ng'ombe mmoja wa kuongeza. Daktari wa mifugo wetu akaniambia kuna mtu Sirisia anauza mtamba mzuri mwenye mimba, mtu msafi, rekodi zake ziko sawa. Nikachukua pickup yangu nikaenda.

Huyo mtu nitamwita Simiyu.

Kabla hajafungua mdomo nilijua ni wa jeshi. Zizi lake lilikuwa limefagiwa. Ndoo zimepangwa kwa mstari, mishikio yote imeangalia upande mmoja. Nikaona pia anatembea kwa mguu wa bandia, ule wa kushoto, lakini ametembea nao miaka mingi, huwezi kumwonea huruma.

Tulikubaliana haraka juu ya mtamba. Akasema sitaenda bila chai. Tukakaa kwa veranda, na viazi vitamu vya moto.

"Boss, wewe pia ulikuwa jeshi," akasema. "Unakaa ukiangalia barabara."

Nikasema ndiyo, nilikuwa. Sikusema upande gani. Yeye akadhani ni wa miguu kama yeye.

Akaanza kunieleza habari ya mguu, bila mimi kuuliza. Alikuwa anaeleza vizuri, kama mtu ameshaeleza mara nyingi. Mto mkavu. Lori limezama. Nyumba ndefu ya mabati.

Kikombe changu kilikuwa kwa mkono. Nilikiweka chini polepole.

"Tulisikia ndege," Simiyu akasema. "Boss, ukiwa umelala chini ya lori, hakuna sauti tamu kama hiyo. Tukasema bana tumepona. Ikaja, ikapita chini mpaka mchanga ukaturukia. Halafu hakuna kitu. Ikaenda zake. Rafiki yangu Barasa alikuwa hapa, kama wewe ulivyo. Akaniangalia akaniuliza, 'Kwani ameenda?'"

Akamimina chai kwa kikombe chake.

"Hiyo ndio kitu ya mwisho alisema. Risasi iliyompata yeye na iliyochukua huu mguu zilikuja pamoja."

Halafu akasema, bila hasira, kama mtu anasema habari ya mvua: "Yule rubani aliogopa. Siwezi kumlaumu sana, mtu ni mtu. Lakini aliogopa."

Mnataka kujua nilisema nini?

Nilisema, "Pole sana, ndugu."

Nikapakia mtamba. Nikamshukuru kwa chai. Nikaendesha mpaka nyumbani.

Mimi niliyepita juu ya bunduki mara mbili, nilikimbia kikombe cha chai Sirisia.

Siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne, jioni tukikamua, Nafula akaniuliza kama huyo ng'ombe mpya ana shida. Nikamwambia ng'ombe hana shida. Akaendelea kukamua. Halafu mimi nikaanza kuongea, na sikuacha mpaka maziwa yakapoa kwa ndoo.

Hakunikumbatia wala nini. Aliosha mikono. Akaniuliza, "Kwa hivyo huyo mtu amekaa miaka yote na swali, na jibu umelibeba wewe, na mmekunywa chai mkaachana?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa unangoja nini hapa?"

Jumamosi nikarudi Sirisia.

Nilimkuta anakata nepia, yale majani ya ng'ombe, kwa panga. Akafurahi kuniona, akadhani nimeleta malalamiko ya mtamba. Nikamwambia hapana. Nikamwambia nilikuwa rubani. Nikamwambia ni mimi.

Aliendelea kukata mara mbili, tatu. Halafu panga likasimama.

"Uliona nini?" akauliza.

Hakuuliza "kwa nini". Aliuliza niliona nini. Nikamweleza yote, mitungi, ukuta, yule mama na watoto wawili.

"Walikuwa wangapi?"

"Sita. Saba."

"Una uhakika?"

"Niko na uhakika."

"Na hukuogopa?"

"Niliogopa. Lakini siyo woga ulinizuia. Niliwaona."

Alikaa chini kwa lile rundo la nepia, mguu wa bandia umenyooka mbele. Alikuwa anapumua kama mtu amepanda mlima.

"Sisi tulikuwa chini, hatukuona upande ule wa ukuta," akasema. "Hakuna mtu alituambia kuna watu. Tuliambiwa tu ndege imeshindwa kupiga. Afande, mimi nimesema uliogopa miaka yote. Nilisema kwa mazishi ya Barasa, nikiwa na magongo, mbele ya mama yake."

Mnasikia alivyobadilisha? Asubuhi ile ya chai nilikuwa boss. Sasa nilikuwa afande. Na hakulisema kwa heshima.

Nikataka kusema kitu. Akainua mkono.

"Enda nyumbani, afande. Tafadhali."

Nikaenda.

Wiki tatu kimya. Nilijiambia basi, nimefanya yangu, imeishia hapo. Kusema kweli hata nilianza kujuta kwamba nimeenda. Mtu alikuwa na hadithi yake inayomwezesha kulala, nikaenda kuivunja.

Halafu simu ikaita, saa nne asubuhi, niko Kitale kwa duka la dawa za mifugo.

"Afande, uko na gari?"

"Niko nayo."

"Nataka unipeleke kwa mama yake Barasa. Mimi nilimdanganya bila kujua. Sitaki kuenda peke yangu."

Ni upande wa Chwele, ndani kidogo, kwa barabara ya udongo mwekundu. Nilimpitia Simiyu Sirisia, na njiani akawa ananiambia pinda hapa, pinda pale.

Tulimpata mama amekaa nje ya nyumba yake, anachagua mawe kwa maharagwe. Ni mama mdogo wa mwili, miwani imefungwa na uzi. Tuliongea Kibukusu. Hapa naandika kwa Kiswahili, na mniamini sijaongeza.

Simiyu akamsalimu, akamwambia mimi ni nani. Akatumia neno la kwetu la ndege, indeke.

Mama akaniangalia kwa muda. "Wewe ndio ulikuwa ndani ya ile indeke?"

"Ni mimi, mama."

"Huyu aliniambia uliogopa."

"Mama, mimi nilikosea," Simiyu akaanza.

"Wewe nyamaza. Wacha aseme mwenyewe."

Nikasema mwenyewe. Nilikuwa nimesimama, hakuniambia nikae, na sikukaa. Nilisema yote kwa mpangilio, kama vile tulikuwa tukieleza baada ya kazi. Nilipofika kwa wale watu wa ukutani aliacha kuchagua maharagwe. Nilipomaliza, mikono yake ilikuwa imelala juu ya ungo.

"Kwa hivyo mtoto wangu alikufa akingoja wewe uzunguke," akasema.

Wakuu, njia nzima kutoka Saboti nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilikuwa nayo mengi mazuri. Habari ya amri, sheria za vita, mkubwa kusema niliamua sawa.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akarudi kwa maharagwe. Alichagua mawe muda mrefu, anayatupa kando moja moja. Simiyu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya mama, na nilikuwa tayari kwa lolote, hata anitupie huo ungo.

Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Wale watoto wa ukutani. Walifika nyumbani?"

Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hilo swali. Si Meja, si mkubwa wa kikosi, si Nafula. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelizunguka miaka yote bila kulifikia.

"Sijui, mama. Nilipopita mara ya pili hawakuwa hapo tena. Sikuwaona."

"Hukuuliza?"

"Hakukuwa na mtu wa kuuliza."

Akatikisa kichwa polepole. Akaangalia upande wa barabara, kama kuna mtu anakuja, na hakukuwa na mtu.

"Basi mimi nitasema walifika," akasema. "Lazima wawe walifika."

Akasimama, akajipangusa leso, akamwambia Simiyu alete viti viwili kutoka ndani.

Hakusema amenisamehe. Na mimi sikuomba. Tulikula ugali na yale maharagwe, akatuonyesha picha ya Barasa akiwa amevaa sare, imefifia upande mmoja. Akaniambia kila kitu kumhusu. Alikuwa anapenda kuimba kwaya sauti ya chini ingawa sauti yake haikufika. Alichukia maziwa lala, yale ya mgando. Aliwahi kuanguka kwa baiskeli na debe la mahindi na akarudi nyumbani bila baiskeli, bila mahindi, anacheka.

Kwa miaka yote hiyo Barasa alikuwa kwangu mtu mmoja kwa karatasi. Siku hiyo nikamjua.

Simiyu nilimrudisha Sirisia. Kushuka kwa gari akashikilia mlango kidogo.

"Bado nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Lakini mtamba akizaa, nipigie. Yule mama yake huzaa kwa shida, usimwite yule daktari wako pekee." Akafunga mlango.

Ndio hivyo, wakuu.

Somo langu si kubwa. Sijui kama niliamua sawa. Watu wa vyeo wamesema ndiyo, na nikifunga macho namwona yule mama amelalia watoto, na mimi pia nasema ndiyo. Halafu namkumbuka Barasa akiuliza "kwani ameenda?", na sisemi kitu. Nafikiri nitakaa na yote mawili, na sitafuti tena mtu wa kunitoa hapo.

Ninachojua kwa hakika ni kidogo. Ukifanya uamuzi unaomgusa mtu, uliza jina lake. Mapema. Na kama uko na jibu la swali ambalo mtu mwingine analala nalo, mpelekee, hata kama atakwambia uende nyumbani. Usimwache ajaze hilo pengo mwenyewe, kwa sababu atajaza na kitu kibaya kuliko ukweli.

Na kwa yule mwenzetu wa game: mkuu, karibu sana Saboti. Maziwa yapo.

Uwanja ni wenu sasa. Hapa ndani najua kuna marubani na kuna watu wa miguu. Ningeomba waliokuwa chini waanze kuandika. Sisi wa juu tumeongea vya kutosha, tunasoma.